Fritz Pollard, mchezaji wa chuo aliyegeuka kocha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yenye ubishi. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, tumeelekeza badala ya kurudia.

## Ya msingi

Fritz Pollard ni nani?

Ni Mmarekani mweusi aliyezaliwa Chicago tarehe 27 Januari 1894 na kufariki tarehe 11 Mei 1986, akiwa na umri wa miaka 92. Aling'ara katika futiboli ya Kimarekani akiwa Chuo Kikuu cha Brown, akaingia kwenye futiboli ya kulipwa mwaka 1919, na mwaka 1921 akawa kocha wa kwanza mweusi katika ligi ya kulipwa ambayo leo inajulikana kama NFL (National Football League). Kocha mweusi aliyefuata kuongoza timu ya ligi hiyo alikuwa Art Shell wa Los Angeles Raiders, Oktoba 1989. Pollard alikuwa ameshakufa miaka mitatu.

Jina Fritz lilitoka wapi?

Jina lake kamili ni Frederick Douglass Pollard. Wazazi walimpa jina la yule mpigania uhuru aliyezaliwa mtumwa na kuwa mzungumzaji mkubwa dhidi ya utumwa. "Fritz" ni la utani. Kitongoji cha Rogers Park alikokulia kilikuwa na wahamiaji wengi wa Kijerumani, na kwao kila Frederick ni Fritz.

Familia yake ilikuwa ya watu gani?

Baba alikuwa kinyozi, mama mshonaji, na yeye alikuwa mtoto wa saba kati ya wanane. Nyumba hiyo ilithamini shule na michezo kwa pamoja. Dada yake Naomi alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuhitimu Chuo Kikuu cha Northwestern, na kaka yake Leslie alicheza futiboli Dartmouth. Mbinu zake nyingi za uwanjani Fritz alifundishwa na kaka zake, si na kocha yeyote. Tazama swali la umbo lake hapa chini.

Sijawahi kutazama mchezo huu. Nijue nini ili habari zake zieleweke?

Machache tu. Kila upande una wachezaji 11. Uwanja una yadi 100 (kama mita 91) kutoka mstari wa goli hadi mwingine. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli ni tachidauni, pointi 6, na teke la nyongeza linaleta 1. Teke la kupitisha mpira kati ya milingoti wakati wa mchezo ni pointi 3.

Enzi za Pollard mambo matatu yalikuwa tofauti, na yote yanagusa ukocha wake. Mchezaji yuleyule alishambulia na kuzuia, dakika zote 60 akiweza. Pasi ya mbele ilipaswa kurushwa kutoka angalau yadi 5 nyuma ya mstari wa kuanzia, kwa hiyo timu nyingi zilipendelea kukimbia na mpira. La tatu ndilo zito: kocha hakuruhusiwa kutoa maelekezo kutoka nje ya uwanja. Hilo lina swali lake katika sehemu ya ukocha.

Alikuwa na umbo gani?

Sentimita 175 hivi, kilo 75. Hata kwa wakati ule alikuwa mdogo, na alicheza nafasi ya kukimbia na mpira, inayopigwa kuliko zote. Silaha zake zilikuwa kasi na chenga. Alishiriki pia mbio za kuruka viunzi, na inaonekana katika namna alivyobadili mwelekeo bila kupunguza mwendo.

Kuna mbinu yake moja ambayo walioandika habari zake wengi wameitaja. Akiangushwa, alijigeuza chali papo hapo, akavuta magoti kifuani na kuzungusha miguu hewani kama anayeendesha baiskeli, njumu zikiwatazama wanaomjia. Si madoido. Wapinzani walikuwa na tabia ya kumrukia baada ya filimbi, wakirundikana juu yake ili wamvunje, na kofia za ngozi za siku hizo hazikukinga uso. Anayetaka kumrukia mtu mwenye njumu sita-sita zinazozunguka hufikiri mara mbili.

## Miaka ya chuo

Aliingiaje Brown?

Baada ya kupitapita vyuo kadhaa kwa muda mfupi bila kutulia, aliandikishwa Brown, huko Providence, Rhode Island, mwaka 1915, akasomea kemia. Hakuwa mtoto wa tajiri: bwenini alifungua kazi ya kupiga pasi na kusafisha nguo za wanafunzi wenzake, na kazi hiyo ilimlipa.

Ile mechi ya Pasadena ya 1916 ilikuwaje?

Tarehe 1 Januari 1916 Brown ilisafiri hadi California kucheza na Washington State katika mechi ya mwaka mpya ambayo baadaye ilikuja kuitwa Rose Bowl. Pollard akawa mweusi wa kwanza kuicheza. Kabla ya mechi, karani wa hoteli alikataa kumpa chumba, hadi wenzake walipotishia kuondoka wote.

Uwanjani mambo hayakwenda vizuri. Mvua iligeuza uwanja kuwa matope, na mchezaji anayetegemea chenga hapotezi kitu kikubwa kuliko mahali pa kukanyaga. Brown walifungwa 14-0. Anayemhukumu Pollard kwa mechi hiyo peke yake anamwonea.

Msimu wake bora ni upi?

Vuli ya 1916, bila ubishi. Brown ilishinda mechi nane na kupoteza moja. Katika wiki mbili zinazofuatana iliifunga Yale 21-6 na Harvard 21-0, vyuo viwili vilivyokuwa wafalme wa mchezo huo. Yale haikupoteza mechi nyingine msimu ule. Kipigo pekee cha Brown kilitoka kwa Colgate, 28-0, mechi ya mwisho, timu ikiwa imechoka.

Walter Camp, aliyekuwa akiteua kikosi bora cha taifa kila mwaka, alimweka Pollard kwenye timu ya kwanza. Angalizo: hakuwa mweusi wa kwanza kuteuliwa. William Henry Lewis wa Harvard alimtangulia mwaka 1892 na 1893, akicheza kwenye mstari wa mbele. Pollard ni wa kwanza miongoni mwa wakimbiaji wa nyuma.

Kwa nini hakumaliza chuo?

Masomo yalilegea, akapoteza sifa ya kucheza, na Marekani ilikuwa imeingia kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Akaenda kuwa mkurugenzi wa mazoezi ya viungo wa YMCA (chama cha vijana wa Kikristo) katika kambi ya jeshi ya Meade, Maryland. Brown ilimpa shahada ya heshima mwaka 1981, akiwa na miaka 87.

## Ukocha

Kazi yake ya kwanza ya ukocha ilikuwa wapi?

Lincoln University ya Pennsylvania, chuo cha watu weusi, kuanzia 1918 hadi 1920. Usikichanganye na vyuo vingine vyenye jina la Lincoln. Marekani vipo kadhaa.

Matatizo aliyoyakuta huko kocha yeyote wa shule zetu atayatambua: vifaa haba, safari za usiku bila mahali pa kulala, wachezaji kufika kwenye mechi wakiwa hoi. Alilalamika hadharani kwamba uongozi wa chuo haukuisaidia timu, na kwamba viatu vya wachezaji alinunua kwa fedha yake. Kwa upande mwingine, yeye mwenyewe alikosekana kwenye baadhi ya mechi kwa sababu Jumapili alikuwa akicheza futiboli ya kulipwa Ohio, mamia ya kilomita kutoka chuoni. Lawama zilikuwa za pande zote mbili, na ni haki kusema hivyo.

Akron ni wapi, na alifikaje huko?

Akron, Ohio, mji wa viwanda vya matairi. Alijiunga na timu yao mwaka 1919. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuvaa jezi pamoja na wenzake. Alivalia kwenye jengo la biashara ya sigara la Frank Nied, mmoja wa wenye timu, kisha akapelekwa uwanjani kwa gari dakika za mwisho. Sababu ilikuwa mashabiki, wakiwemo wa nyumbani.

Akron ilitwaaje ubingwa wa 1920?

Ligi iliundwa Canton, Ohio, tarehe 17 Septemba 1920, ikiitwa APFA (American Professional Football Association). Jina NFL lilikuja 1922. Akron ilimaliza na ushindi mara 8, sare 3, bila kupoteza, na msimu mzima iliruhusu pointi 7 tu. Mechi ya mwisho, dhidi ya Decatur Staleys huko Chicago, iliisha kwa suluhu ya 0-0.

Fainali haikuwapo. Bingwa alipatikana kwa kura kwenye mkutano wa tarehe 30 Aprili 1921, na sare hazikuhesabiwa kabisa. Hapo ndipo ubishi wa Buffalo unapoanzia. Buffalo, timu nyingine ya ligi hiyo, walikuwa na ushindi 9, kupoteza 1, sare 1. Ukihesabu sare kuwa nusu ushindi, kama NFL ifanyavyo tangu 1972, Akron wanapata 9.5 kwa mechi 11, na Buffalo vilevile 9.5 kwa mechi 11. Wako sawasawa! Kwa kanuni ya wakati ule, hata hivyo, timu ambayo haijafungwa ilikuwa na asilimia mia, na taji ni la Akron.

Alikuwa kocha mwaka 1920 au 1921?

1921. Mwaka wa ubingwa alikuwa mchezaji, na kocha alikuwa Elgie Tobin. Mwaka 1921 Pollard na Tobin waliorodheshwa kuwa makocha pamoja. Akron ilishinda 8, ikapoteza 3, sare 1, ikashika nafasi ya tatu. Ukikuta mahali pameandikwa kuwa "alitwaa ubingwa akiwa kocha", mwandishi ameunganisha miaka miwili.

Kama walikuwa makocha wawili, kwa nini yeye ahesabiwe kocha mkuu?

Hili ndilo swali linalotufikia kuliko yote, na jibu lake liko kwenye kanuni za mchezo zaidi ya vyeo vya karatasi.

Ligi ya kulipwa ilitumia kanuni za vyuo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kanuni hizo zilipiga marufuku kufundisha kutoka nje ya uwanja. Kocha aliyekaa benchi alikuwa mtazamaji mwenye wasiwasi: akipiga kelele za maelekezo au kutoa ishara, timu yake iliadhibiwa. NFL iliruhusu maelekezo ya benchi mwaka 1944 tu. Kutuma ujumbe kupitia mchezaji wa akiba nako kulikuwa kugumu, kwa sababu kanuni za kubadilisha wachezaji zilibana na vikosi vilikuwa vidogo; ligi ilipoweka kikomo mwaka 1925, kilikuwa wachezaji 16 kwa timu nzima.

Sasa jiulize: baada ya filimbi ya kuanza, nani anaamua tukimbie kulia au tupige mpira mbele? Ni aliye ndani. Kocha mchezaji ndiye pekee aliyeweza kubadili mpango wakati mechi inaendelea bila refa kumwadhibu. Pollard aliposimulia kwamba aliwaonyesha wenzake mifumo ya kushambulia aliyotoka nayo Brown, alikuwa akielezea kazi halisi ya kocha wa siku zile. Cheo cha "msaidizi" au "mwenza" kwa macho ya leo hakilingani na kazi hiyo. Ndiyo maana Ukumbi wa Umaarufu wa futiboli ya kulipwa, unaowaenzi nyota wa mchezo huo, unamtaja kuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi bila kigugumizi, na sisi tunakubaliana nao.

Alifundisha timu gani nyingine za ligi?

Milwaukee Badgers (1922) na Hammond Pros ya Indiana, ambako alikuwa kwa vipindi hadi 1925. Alichezea pia Providence Steam Roller mwaka 1925, kisha akarudi Akron kumalizia mwaka 1926. Hapo ndipo safari yake katika NFL iliishia.

Orodha za makocha wa miaka hiyo hazilingani. Timu zilibadili kocha katikati ya msimu, na mchezaji mmoja aliweza kuonekana kwenye timu tatu kwa mwaka. Ukitaka kuhakiki, anza na mwaka, kisha timu, kisha tofautisha "alicheza" na "aliongoza". Anayeanza na jina la mtu hupotea.

Nimesoma kuwa alicheza mji wa machimbo. Ni kweli?

Kweli. Mwaka 1923 na 1924 aliichezea na kuifundisha Gilberton, katika eneo la makaa ya mawe la Pennsylvania, nje ya NFL. Miji ya wachimbaji ilikuwa na ushindani mkali na ililipa vizuri, na nyota wa NFL walikwenda huko kuongeza kipato.

## Baada ya mlango kufungwa

Ligi iliwafukuza weusi kwa kanuni ipi?

Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa. Joe Lillard na Ray Kemp walicheza msimu wa 1933, na kuanzia 1934 hadi 1945 hakuna mweusi hata mmoja aliyeonekana kwenye NFL. Wenye timu walielewana kimyakimya. Jina linalotajwa zaidi ni la George Preston Marshall, ambaye timu yake ya Washington ilikuwa ya mwisho kukubali, mwaka 1962. Mwaka 1946 Kenny Washington na Woody Strode walisajiliwa na Los Angeles Rams.

Pollard alifanya nini baada ya kutoka NFL?

Aliunda timu zake. Mwaka 1928 alianzisha Chicago Black Hawks, timu ya weusi watupu, iliyokwenda pwani ya magharibi majira ya baridi kucheza mechi za kirafiki na kupata mashabiki wengi. Mdororo wa uchumi uliimaliza mwaka 1932. Kuanzia 1935 hadi 1937 alifundisha Brown Bombers wa Harlem, New York. Jina hilo lilikuwa la utani la bondia Joe Louis; halina uhusiano na Chuo cha Brown, kosa linalofanywa mara nyingi. Lillard tuliyemtaja juu alikuwa mmoja wa wachezaji wake.

Mbinu yake ilikuwa ileile: kutafuta mechi na timu za weupe na kuzishinda, ili isisemwe kwamba uwezo haupo.

Alikuwa na kazi nyingine?

Nyingi. Kampuni ya uwekezaji Chicago, iliyofilisika katika anguko la uchumi. Gazeti la Independent News la New York. Uwakala wa wasanii. Ushauri wa kodi.

## Yenye utata

Je, alikuwa mweusi wa kwanza kucheza futiboli ya kulipwa?

Hapana. Charles Follis alisaini mkataba na Shelby, Ohio, mwaka 1904. Na katika msimu wa kwanza wa APFA, 1920, Pollard hakuwa peke yake: Bobby Marshall alikuwa Rock Island. Cha Pollard ni ukocha.

Je, alikuwa kwotabeki wa kwanza mweusi?

Inategemea unaita nini kwotabeki. Leo ni mchezaji anayepokea mpira wa kuanzia, kuongoza mashambulizi na kurusha pasi. Madai hayo huhusishwa na Hammond, 1923. Katika mifumo ya wakati ule mpira mara nyingi ulirushwa moja kwa moja kwa mkimbiaji aliyesimama yadi chache nyuma, naye ndiye aliyekimbia au kupasia. Mwenye jina la kwotabeki aliweza kuwa mtu wa kutoa ishara na kuwazuia wapinzani. Pollard alifanya kazi ya kwotabeki wa leo, mara nyingi akiwa na jina la nafasi nyingine. Kwa maana ya kisasa, watu humtaja Willie Thrower wa Chicago Bears, 1953, na Marlin Briscoe wa Denver, 1968, aliyeanza mechi.

Ana uhusiano gani na Paul Robeson?

Robeson, mwimbaji na mwigizaji, alikuwa kwanza mchezaji wa Rutgers. Alimsaidia Pollard kufundisha Lincoln, kisha akacheza naye Akron mwaka 1921 na Milwaukee mwaka 1922 huku akisomea sheria. Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba mwaka 1934, akiwa London, Robeson aliandikishwa chuo kikuu kusoma fonetiki na Kiswahili.

Mbona heshima zilichelewa?

Ya vyuo haikuchelewa sana: aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa futiboli ya vyuo mwaka 1954. Ya futiboli ya kulipwa ilisubiri hadi 2005, pamoja na Dan Marino, Steve Young na Benny Friedman. Kabla ya hapo, mwaka 2003, kilianzishwa chama chenye jina lake, Fritz Pollard Alliance, kufuatilia ajira za makocha na viongozi weusi. Mwaka huohuo ligi ilipitisha kanuni ya Rooney, iliyotaka timu inayotafuta kocha mkuu imhoji angalau mwombaji mmoja kutoka jamii za wachache. Kanuni inalazimisha usaili, si ajira. Ukosoaji mwingi dhidi yake unaanzia hapo.

Nimeona Fritz Pollard kwenye medali za Olimpiki za Berlin. Ndiye?

Ni mwanawe, Fritz Pollard mdogo, aliyepata shaba ya mita 110 kuruka viunzi mwaka 1936. Naye alicheza futiboli chuoni, North Dakota, kwa hiyo injini za utafutaji huwachanganya. Mwaka ukiwa kati ya 1934 na 1940 na habari ikiwa ya riadha au ya North Dakota, ni mtoto. Ikiwa Harlem na benchi la ufundi, ni baba.